Mjomba, ninunue bunduki ya upepo au niendelee kulisha panya?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwajiriwa hapa Moshi, naishi Rau, si mbali sana na ule msitu. Nyuma ya nyumba nina banda la kuku wa mayai 120, mipapai minne na kibustani cha mchicha cha mama watoto. Tangu masika yaishe, panya wamehamia kwangu. Nikiingia bandani usiku na tochi naona macho yamepangana kwenye boriti kama taa za mkesha wa Krismasi. Wanakula chakula cha kuku, wanavunja mayai, na majuzi walitafuna waya wa umeme, banda likakaa giza siku mbili. Asubuhi zamu ni ya kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye mkia mrefu, wanashuka kwenye papai linaloanza kuiva na kuliacha ganda. Halafu kuna nguchiro. Ameshabeba vifaranga sita, mchana kweupe.

Nilinunua dawa kwa yule kijana anayepita na spika, "panya, mende, kunguni, chawa". Nikaokota panya mmoja, wengine wakafia juu ya dari tukahama chumba kwa harufu. Wiki hiyo hiyo mbwa wa jirani wa nyuma akafa. Jirani hajasema neno, ila salamu yake imekuwa fupi.

Sasa nawaza bunduki ya upepo. Shemeji yangu yuko Ujerumani, anasema kule mtu mzima anainunua dukani kama anavyonunua birika, na anakuja Desemba, anaweza kuniletea. Tatizo ni kwamba ya kwao ina nguvu ya jouli 7.5 tu, na nimesoma mtandaoni watu wakiicheka nguvu hiyo. Wao wanasifia zinazorusha futi 1,200 kwa sekunde. Upande wa pili kuna rafiki yangu, mangi mmoja wa Machame, ana bunduki ya upepo ya zamani ya babu yake, aina ya Diana. Anataka laki tatu. Haina karatasi, lakini anasema kwa kuwa haitumii baruti haihitaji kibali.

Bajeti yangu ni laki nne. Nichukue ipi: mpya au ya zamani, ya springi au ya mtungi, kidonge cha milimita 4.5 au 5.5? Kutoka mlango wa jikoni hadi bandani ni hatua kumi na mbili. Nyuma ya banda kuna uzio wa bati, na ng'ambo ya bati ni kwa huyo jirani, ana watoto wadogo. Mama watoto anasema tulete paka yaishe.

Mwenye Kuku, Rau

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa waya, na pole zaidi kwa hiyo salamu fupi.

Nianze na Diana ya laki tatu, maana hiyo inaweza kukutia matatani kabla hata panya mmoja hajafa. Usiinunue. Wala usilale nayo nyumbani usiku mmoja eti unaijaribu. Hilo neno la "haina baruti" linazunguka vijiweni miaka yote, na anayelisema siye atakayesimama kizimbani. Hapa kwetu ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu anayekutwa na silaha bila leseni haombi radhi akarudi nyumbani kula. Wewe ihesabu bunduki ya upepo kuwa bunduki. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nenda polisi wilaya, ueleze unataka chombo gani na kwa kazi gani, na jibu lao ulipate kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Mangi naye mwambie aipeleke kituoni. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na mali ya marehemu babu isiyo na karatasi ni mzigo tu kwa mjukuu.

Shemeji hakukudanganya. Amekueleza ya kwao. Ujerumani, bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5, yenye alama ya herufi F ndani ya pembetano, anauziwa yeyote aliyefikisha miaka 18. Uingereza kikomo cha bunduki ya namna hiyo isiyo na leseni ni futi-pauni 12, karibu jouli 16, na hata huko Scotland wamejitenga: tangu mwisho wa 2016 wanataka cheti. Marekani ndiko kusikokuwa na kikomo cha nchi nzima, na wengi wa wale wanaokucheka mtandaoni wanaongea wakiwa huko, kwenye viwanja ambavyo jirani yuko umbali wa shamba zima la kahawa. Kwa hiyo shemeji asipakie kitu kwenye begi mpaka wewe uwe na kibali mkononi na ujue forodha wanataka nini. Akipekuliwa uwanja wa ndege na mzigo wa namna hiyo, lawama za ukweni utazibeba wewe.

Tuseme kibali kimepatikana. Hapo ndipo hatua zako kumi na mbili zinapoingia. Barua yako yote nimeisoma mara moja, hiyo sentensi nimeirudia mara tatu.

Hatua kumi na mbili ni mita tisa, kumi. Kwa umbali huo jouli 7.5 si dhaifu hata kidogo. Kidonge, yaani risasi ya bunduki ya upepo, chenye kipenyo cha milimita 4.5 kina uzito wa nusu gramu hivi, na kikimpata panya kichwani kwa nguvu hiyo hatikisiki tena. Cha milimita 5.5 kinakaribia gramu moja. Bunduki ya jouli 16 hukirusha hicho kwa mita kama 190 kwa sekunde, na kile chembamba kwa mita kama 250. Hiyo futi 1,200 wanayoisifia ni mita 366, yaani imepita kasi ya sauti. Kwenye maboksi huandikwa hivyo kwa sababu kiwandani walipima kwa kidonge chepesi cha aloi ambacho wewe hutakitumia. Na ukikitumia, kidonge kinachopita kasi ya sauti hupasua hewa kwa mlio, huyumba kinapopungua mwendo, na kuku wako 120 wote wanaruka ukutani. Kuku aliyeshtuka usiku utamdai yai.

Kwako wewe tatizo ni nguvu kuzidi. Kidonge kikimpita panya, au kikimkosa, kinaendelea na safari, na safari yenyewe inaelekea kwenye bati la jirani mwenye watoto.

Hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Baba yetu kule Kibosho alikuwa na bunduki ya upepo, leseni yake ameifungia sandukuni pamoja na karatasi za kihamba, shamba la ukoo. Siku moja hayupo, nikaichukua. Kulikuwa na panya buku amekaa juu ya ukuta wa mawe, mkubwa kama sungura mchanga, anajipangusa masharubu. Nikamlenga, nikamkosa. Nikasikia "ting", mbali kidogo, ng'ambo ya migomba. Mama mkubwa alikuwa na pipa la bati la kukingia maji ya mvua, limeliwa na kutu kiasi chake, na sasa lilikuwa limetoboka, linatoa mkondo wa maji mwembamba kama uzi. Alitoka ndani, akautazama ule uzi, akarudi kuchukua bakuli, akaliweka chini ya tundu. Ndipo akauliza nani. Mwezi mzima nilimchotea maji kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Kati ya pale niliposimama na lile pipa kulikuwa na kitalu cha migomba ambacho watoto wake walikuwa wanacheza humo kila siku. Siku hiyo walikuwa shule.

Basi ukija kuipata, mahali pa kukaa ni muhimu kuliko jina la kiwanda. Kaa juu, ulenge chini: wewe barazani kwenye kigoda, panya sakafuni au kwenye udongo, na nyuma yake viroba vya mchanga vilivyopangwa mpaka kimo cha kiuno. Bati halizuii kitu. Jiwe na zege hurudisha kidonge kwako, kwa hiyo vaa miwani myeupe ya fundi. Na yale macho kwenye boriti uliyonisimulia kwa uchungu, hayo ndiyo usiyoruhusiwa kuyapiga kabisa. Juu ya panya kuna bati la paa lako, na juu ya bati kuna mahali ambapo kidonge kitashukia usikopajua.

Aina, sasa. Za mtungi wa hewa ni nzuri mno, hazirudi nyuma, hazina kelele, lakini zinataka kujazwa hewa ya presha ya baa 200 na kuendelea. Pampu yake ni gharama nyingine na jasho jingine, na mitungi ya wazamiaji iko pwani, haiko hapa Moshi. Za vibomba vya gesi ya kaboni dioksidi husinyaa baridi ikiingia, nawe kazi yako ni ya usiku, na usiku wa Julai Moshi unaujua. Kila vibomba vikiisha unaanza kumtafuta mtu wa kukuletea. Inabaki ya springi, ile unayoivunja katikati kwa kuukunja mtutu. Haidai kitu zaidi ya mkono wako. Ya jouli 16 huhitaji nguvu kama ya kunyanyua ndoo ya lita 15 kila unapoikoki, ya jouli 7.5 ni nyepesi zaidi. Siku springi ikichoka, hata fundi makini wa hapa anaweza kuibadilisha ukimletea ya kwake. Wapo wanaouza zenye silinda ya gesi badala ya springi, ni laini, ila ikivuja ndiyo basi.

Kuhusu majina: Weihrauch wa Ujerumani hudumu, ila zitaila laki nne yako na kuomba tena. Gamo wa Hispania ni nyepesi, plastiki nyingi, zinafanya kazi. Hatsan wa Uturuki wana nyingi zenye nguvu kubwa na uzito wake, nazo si za uwanja wako. Diana mpya ya daraja la kati ingenitosha mimi. Bei za nje kwa bunduki za kawaida za springi huwa kati ya dola 100 na 250, na hapo hujaweka ushuru wala gharama za kibali. Usimalize hela kwenye bunduki. Bakiza ya makopo mawili matatu ya vidonge vya watengenezaji tofauti, kwa sababu kila mtutu una kidonge unachokipenda na hutakijua mpaka ujaribu. Darubini achana nayo kwa mita kumi. Springi hupiga mbele na nyuma, darubini ya bei rahisi italegea ndani ya mwezi, wakati kilengeo cha chuma kilichokuja nayo kinatosha.

Milimita 4.5 au 5.5? Kwa jouli 7.5, chukua 4.5. Kwa jouli 16, chukua 5.5, kidonge kizito cha mwendo wa pole kinaishia ndani ya panya zaidi kuliko kumpita. Mabishano yaliyobaki ni ya watu wenye muda.

Kuna mambo mawili hawaandiki kwenye boksi. La kwanza, usiifyatue tupu, bila kidonge. Pistoni inagonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa na mpira wake unakufa. La pili, unapoweka kidonge mtutu ukiwa umekunjwa, mkono mmoja uushike mtutu wenyewe wakati wote. Kifyatuo kikichomoka, mtutu unarudi kwa nguvu ya springi yote na kidole kilichokuwa pale hakirudi kama kilivyokuwa. Nimeona kucha ya mtu ikiondoka hivyo, na hata jina la aliyekuwa ameishika nalikumbuka, ila ni ndugu yetu.

Kabla ya panya, lenga vizibo vya soda. Pachika kizibo kwenye kiroba cha mchanga, kaa pale pale utakapokaa usiku, piga vitano. Usiibane bunduki kama unakamata mwizi, iache ilale juu ya kiganja ijirukie inavyotaka. Vitano vikiingia ndani ya upana wa kizibo kimoja, siku tatu mfululizo, uko tayari. Vinne si vitano. Panya aliyejeruhiwa anakwenda kufia ukutani, na harufu hiyo mnaijua. Usiku tumia tochi yenye mwanga mwekundu, panya hauoni vizuri. Siagi ya karanga kidogo ukiipaka juu ya tofali itamfanya atulie sekunde mbili unazozihitaji.

Umeona jinsi ninavyoifurahia mada hii. Ndiyo maana inabidi niifanye hesabu ambayo hukuiuliza.

Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 120 ni kilo 14. Panya mzima wa nyumbani hula gramu 20 hadi 30. Kama kwenye boriti na kwenye mashimo wako arobaini, na kwa jinsi ulivyoyaeleza macho yale wanaweza kuwa zaidi, wanakula karibu kilo moja kila siku, kilo 30 kwa mwezi, ukiacha wanachokikojolea. Jike hubeba mimba siku 21 hadi 23, anazaa sita mpaka kumi, na binti zake wakifika miezi mitatu nao ni mama. Wewe unakaa kwenye kigoda kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, unapata watatu. Siku ya pili unapata mmoja kwa sababu waliobaki wameshaijua tochi yako. Wiki ya tatu una ripoti ya kuandika ofisini na huendi. Mwenye bunduki anachoka, chakula cha kuku kiko pale pale, na wao wanaendelea kuzaa.

Panya hawakuja kwako kwa sababu huna bunduki. Wamekuja kwa sababu kuna kilo 14 za chakula zinamwagwa kila siku na gunia limeegemezwa ukutani. Moshi tunasifiwa kwa usafi wa mji miaka nenda rudi, lakini panya hawaangalii barabara, wanaangalia stoo.

Kwa hiyo laki nne yako ningeigawa hivi. Mapipa mawili ya chuma ya lita 200 yenye mifuniko ya kubana, chakula chote kiingie humo, hata mashudu na dagaa. Vyombo vya kulishia uvitoe jioni kuku wakishapanda kulala, usiku kuku hali. Halafu wavu. Usiniambie una wavu wa kuku, ule wa matundu makubwa panya mtoto anapita akiimba. Nenda madukani ukaulize wavu wa kuanikia kahawa, ule wa chuma wenye matundu madogo, wakulima wetu wameutumia kwenye vichanja miaka yote. Uzungushe chini ya banda kuanzia ardhini, ufukie kiasi cha shubiri mbili, uupinde kuelekea nje ili anayechimba akutane nao. Tundu lolote ambalo kidole gumba chako kinapita, panya anapita. Lizibe kwa stilwaya la kusugulia sufuria kisha saruji juu yake. Kata tawi lolote linalogusa paa.

Walionaswa ndani wapate mitego ya kubana, ile ya mbao na springi, si mmoja, kumi na tano kwa usiku mmoja. Panya ana woga wa kitu kipya, kwa hiyo siku tatu za mwanzo itege na chambo bila kuifyatusha, wale washibe, wazoee. Usiku wa nne ndipo uikoki yote. Ile ya chini iwekwe kandokando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, na uifunike kwa boksi lenye tundu ili kuku asitie mguu. Nyingine ifunge kwa waya juu ya boriti. Pale ambapo bunduki hairuhusiwi, mtego unafanya kazi huku wewe umelala.

Dawa ya spika usiirudie. Nyingi ya sumu zinazotengenezwa kwa ajili ya panya huzuia damu kuganda. Panya hafi hapo, anazurura siku tatu au zaidi akiwa na sumu tumboni, na yeyote atakayemla siku hizo anaila naye: paka, bundi, mbwa. Na za kupimiwa kwenye vikaratasi bila lebo hujui hata ni nini. Sisemi ndiyo iliyomuua mbwa wa jirani yako. Ila nawe umeziandika habari hizo mbili zikifuatana, na ukaitaja salamu. Kabla ya kwenda polisi kuulizia kibali, chukua trei ya mayai uende nyuma ya bati. Mweleze ulichotega na siku uliyotega. Huyo ndiye atakayesikia milio yako usiku, na watoto wake ndio walio upande wa mtutu. Akikataa, hadithi ya bunduki iishie hapo na usimnunie.

Panya waliokufa usiwashike mkono mtupu, wa mtegoni wala wa risasi. Mkojo wao hubeba vimelea vya ile homa ya mgunda iliyotutisha mwaka 2022 kule Lindi. Nayo si ya Lindi peke yake. Katika utafiti uliofanyika hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa, zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa wana malaria, wakati malaria yenyewe ilikuwa asilimia 1.6. Kwenye waliopimwa homa ya mgunda, karibu tisa katika kila mia walikuwa nayo. Vaa glavu au mfuko mkononi, fukia, mwagia dawa ya klorini pale alipolala. Ukija kupata homa, mwambie daktari unafuga na una panya, hatakuuliza mwenyewe. Na vidonge vyenyewe ni risasi kwa maana zote mbili, Kiswahili chetu kiliunganisha madini na kombora, na madini hayo ni sumu, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula na usivishike kwa midomo kama tulivyokuwa tunafanya sisi wajinga.

Kuzumburu na nguchiro hawamo kwenye kibali chochote utakachoomba kwa ajili ya panya. Hao ni wanyamapori, wana Sheria yao ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na wewe uko jirani na msitu wenye mbega. Usianze mazoea. Papai livishe mfuko wa kiroba likiwa bado kijani, au ulichume ukiona mchirizi wa kwanza wa njano liivie ndani, tamu yake ni ile ile. Nguchiro hutembea mchana, vifaranga wapewe tenga lenye wavu huo huo wa kahawa juu na chini mpaka wakue, hapo hata mwewe utakuwa umemkomesha. Akizidi, afisa wanyamapori wa wilaya yupo kwa ajili hiyo.

Fanya haya miezi miwili. Baada ya hapo, kama kuna panya watatu wakongwe waliojifunza mitego yote na wanakudharau, hao ndio wa bunduki, na ile ya shemeji ya jouli 7.5 itawatosha.

Paka mleteni. Atakula watoto wa panya, wale wakubwa wa boriti atawaangalia tu kama unavyowaangalia wewe. Ila asilale banda la vifaranga, na mwambie mama watoto nimesema ashibe kwanza jioni, paka mwenye njaa hachagui.